Kamera za fomati ya kati: bei imeshuka, lakini kubadilisha kunataka hesabu

Mwezi Agosti 2025, kampuni ya Hasselblad ya Uswidi, ambayo tangu 2017 iko mikononi mwa DJI ya China, ilitoa kamera mpya, X2D II 100C, kwa dola 7 399 nchini Marekani. Ile iliyoitangulia, X2D 100C, ilitoka mwaka 2022 kwa dola 8 199. Si kawaida kamera mpya kuuzwa kwa bei ya chini kuliko ya zamani.

Ushindani unaeleza mengi. Fujifilm ya Japani ilianzisha GFX 100 mwaka 2019 kwa karibu dola 10 000. Mwaka 2021 ikaleta GFX 100S, yenye megapikseli 102 vilevile, kwa dola 5 999. Mwaka 2024 ikafuata GFX100S II kwa dola 4 999. Kwa miaka mitano, bei ya kuingia katika megapikseli 100 imekatwa nusu. Hata hivyo, ushuru ambao Marekani iliweka mwaka 2025 kwa bidhaa za Japani na China uliisukuma bei juu tena. Na mnunuzi wa Lubumbashi au Goma bado anapaswa kuongeza usafiri na forodha.

Je, mtu ananunua nini hasa? Kihisi, yaani kibao kinachopokea mwanga mahali pa filamu, kina milimita 44 kwa 33 katika kamera hizi, wakati kamera za kawaida za kitaalamu zina 36 kwa 24. Eneo linaongezeka mara 1,7 hivi. Kwa uchapishaji bora wa nukta 300 kwa inchi, picha ya megapikseli 24 inafika upana wa sentimita 51. Ya megapikseli 45 inafika 69, ya 51 inafika 70, na ya 102 inafika karibu 99.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Mwenye kamera ya kawaida ya megapikseli 45 anayehamia GFX 50S iliyotumika anaongeza sentimita moja tu ya upana. Tena anapoteza kasi, kwa sababu kamera hiyo ya 2017 hulenga polepole na haina kitulizi cha mtikisiko ndani ya bodi. Lakini anayetoka 50S kwenda 100S anapata vyote viwili: picha kubwa zaidi na mkono uliotulia.

Swali la pili ni lenzi, kwani bodi hubadilishwa lakini lenzi hukaa. Lenzi nyingi za Hasselblad XCD zina shata ndani yake, hivyo flashi inaweza kufanya kazi hadi 1/2000 ya sekunde. Kwa GFX mpaka ni 1/125. Kwa anayepiga picha za watu nje, jua la saa sita likiwa kichwani, tofauti hiyo inaweza kuwa na uzito kuliko megapikseli.

Kuchagua mfumo pia ni kuifunga fedha kwa kampuni moja. Pentax ilitoa 645Z mwaka 2014 ikasifiwa sana, lakini haijaipa mrithi. Wenye lenzi zake wamebaki bila bodi mpya ya kuhamia. Kinyume chake, CFV 100C ya Hasselblad, iliyotoka mwaka 2024, inafungwa nyuma ya bodi nyingi za filamu za mfumo wa V zilizotengenezwa tangu 1957.

Kuna pia gharama isiyoandikwa kwenye bei. Faili moja ghafi ya megapikseli 100 inaweza kufika megabaiti 200. Picha 500 za siku moja ni gigabaiti 100, na nakala ya akiba inazifanya 200. Kompyuta dhaifu itakwama, na umeme ukikatika, kazi inasimama.

Kwa hiyo, anayeishi kwa harusi na picha za simu za wateja hana sababu ya kuhama. Lenzi nzuri na taa zitamlipa mapema zaidi. Kwa anayechapisha mabango, anayepeleka kazi kwenye maonyesho au anayehifadhi nyaraka za zamani, megapikseli 100 ni chombo cha kazi. Kabla ya kulipa, ajiulize jambo moja: ni mteja gani, leo, amekataa picha yake kwa sababu ya udogo? Kama hayupo, fedha hiyo ingoje.