Zabibu za Pasaka, zikate kwanza

Watoto wakija Pasaka, huhitaji oveni. Ponda biskuti, tandaza kwenye vikombe vya plastiki, mwagia mtindi mzito wenye sukari kidogo, juu weka zabibu zetu za Dodoma. Rudia tabaka mpaka kikombe kijae, kisha weka kwenye friji kwa saa 2. Huna friji? Panga watoto wakiwa tayari kula.

Kwenye zabibu usiharakishe, mama. Punje nzima huteleza na kuziba njia ya hewa ya mtoto wa chini ya miaka 5, na akikabwa hawezi hata kulia. Ikate kwa urefu, vipande vinne, utoe mbegu. Karanga zitwange, zenye ukungu tupa, maana sumukuvu haiishi kwa kukaanga.

Mpwa wangu alinung'unika kwamba zabibu zake zimekatwakatwa. Akaomba kikombe cha pili.