Alabama tunaijua, Songwe hatuijui

Kimya changu kilikuwa cha mitihani, nimemaliza juzi. Kama nimedisko nitajua matokeo yakitoka, ha ha. Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Kwenye semina ya mwisho kabla ya mitihani tulikuwa na mada ya watu weusi kule Marekani. Jamani, watu walitiririka! Montgomery, Alabama, Desemba 1955, Rosa Parks anagoma kumpisha mzungu kiti kwenye basi, mgomo unakwenda siku 381, Martin Luther King ana miaka 26 tu. Hakuna aliyeangalia desa. Tulikaririshwa vizuri tangu kidato cha tano. Halafu jamaa mmoja wa Kanda ya Ziwa akanigeukia, "Na nyie wa Kyela mna historia gani zaidi ya mchele?" Darasa zima kicheko. Mhadhiri naye akacheka, akasema haya, turudi kwenye mambo ya maana.

Hapo kwenye "mambo ya maana" ndipo ninapogombana nao.

Tuanze na hiyohiyo Alabama maana wote mnaipenda. Mwaka 1860, zaidi ya miaka 50 tangu Marekani ipige marufuku kuingiza watumwa kutoka nje, meli inayoitwa Clotilda ilitoka Ouidah, Afrika Magharibi, ikaingia Mobile kwa siri na watu kama 110. Wenye meli wakaichoma ili kuficha ushahidi. Watu wale walipopata uhuru wakaanzisha makazi yao, wakayaita Africatown, na wajukuu wao wakaendelea kusimulia habari ya meli ile hata pale wengine walipoiona ni hadithi tu. Mwaka 2019 wataalamu wakathibitisha kwamba mabaki yaliyopatikana kwenye tope la mto ni ya Clotilda. Na huko Alabama mtoto wa darasa la nne anasoma historia ya jimbo lake, ni somo kabisa. Sisemi wanaifundisha vizuri, maana wamegombana miaka mingi kuhusu nini kiandikwe na nini kifichwe. Lakini wanagombana kwa sababu kitu chenyewe kipo mezani.

Sasa njooni kwetu, Katumba Songwe. Nimezaliwa huko, mto Songwe naujua kabla sijaijua herufi a.

Oktoba 1887, miaka 27 tu baada ya Clotilda, ng'ambo ya mto wetu karibu na Karonga alikuwepo mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyeitwa Mlozi. Watu wake wenye bunduki waliwavamia Wangonde, na watu wakakimbilia kujificha kwenye matete ya Kambwe, kando ya ziwa. Matete yakatiwa moto. Aliyekimbia moto alikutana na risasi, aliyekimbia risasi alikutana na mamba majini. Waliosalimika, wengi walivuka Songwe kuja upande wetu. Kinyakyusa na Kingonde ni lugha za ndugu, mtu alikuwa anakimbilia kwao.

Vita kati ya Mlozi na Kampuni ya African Lakes viliendelea hadi 1889. Na unajua nani alipigwa risasi akajeruhiwa kwenye vita hivyo mwaka 1888? Lugard! Lugard huyuhuyu tunayemkariri Uganda na Nigeria, na utawala wake usio wa moja kwa moja, kila mtihani yumo. Mlozi mwenyewe alikamatwa na majeshi ya Harry Johnston akanyongwa Desemba 1895. Haya si mambo ya maana?

Kabla hata Mlozi hajanyongwa, tarehe 1 Julai 1890 Mwingereza na Mjerumani walikaa huko kwao wakakubaliana kwamba Songwe ni mpaka. Songwe, mto unaohama! Mafuriko yakija unachimba njia mpya. Mtu analala na shamba lake Tanzania, asubuhi shamba liko Malawi. Septemba 1914 Wajerumani kutoka Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu hiyo, walivuka mto huo wakaenda kupigana Karonga, wakashindwa. Mei 1916 Waingereza wa Jenerali Northey wakaja upande huu wakaichukua Tukuyu. Mizigo ya majeshi yote hayo ilibebwa na vichwa vya babu zetu.

Nilipokwenda fildi mwaka jana kwenye shule moja ya huko nyumbani (jina naliacha), nilikuwa nafundisha kidato cha pili kugawanywa kwa Afrika. Berlin, Bismarck, 1884, kama kawaida. Nikawaambia mpaka wenyewe ni ule mto mnaokwenda kuoga. Binti mmoja akanyoosha mkono, "Mwalimu, kwa hiyo bibi yangu wa Karonga ni mgeni?" Darasa likaamka, kipindi kiliisha tunabishana. Mchana nikaitwa ofisini, nikaambiwa kijana, hilo halitoki kwenye mtihani, rudi kwenye silabasi.

Wengine mtasema naleta ukabila. Hapana bwana. Ukabila ni kusema sisi ni bora. Kwenye habari hii wamo Waswahili wa pwani, Waskoti, Wangonde, Wanyakyusa, na si wote walikuwa watu wema. Mtoto wa Kyela akisimulia Kambwe hamtukani mtu wa Tanga. Mbona Maji Maji tunaifundisha nchi nzima na hakuna aliyeiita ukabila wa Wangoni na Wamatumbi?

Na msiniambie kwamba mtaala mpya umetibu. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeletwa, sawa, nalipigia makofi. Lakini somo moja la nchi nzima haliwezi kubeba kila mto. Mwalimu wa pale ndiye anayetakiwa kulijaza, na huyo mwalimu ni sisi tunaocheka kwenye semina.

Tena hili lina gharama. Mwaka 2012 mgogoro wa Ziwa Nyasa na Malawi ulipopamba moto kila mtu alikuwa mtaalamu, ziwa letu, ziwa letu. Ni wangapi wanajua kwamba mkataba ule wa 1890 ulifuata ufukwe na si katikati ya maji, na kwamba hiyo ndiyo silaha ya Malawi mpaka leo? Sisi tunasimamia mstari wa katikati, na hoja tunazo, ila huwezi kumjibu mtu ambaye karatasi yake hujaisoma.

Vitabu vipo. Godfrey na Monica Wilson walikaa kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, na Monica akaandika juu ya vijiji vyetu vya rika, kitabu kikatoka 1951. Kiko kwa Kiingereza, rafu ya juu maktaba. Binti yule wa kidato cha pili atakifikiaje?

Likizo hii naenda nyumbani, nimepanga kuwarekodi wazee pande zote mbili za mto, kuanzia kwa bibi wa yule binti akinikubalia. Wenzangu wa Rungwe, Ludewa na Nyasa, fanyeni na kwenu, tutaweka hapa. Simu yangu ina nafasi ya kutosha, betri ndiyo kimeo. Mwenye pawabanki ya kuniazima aniambie kabla ya Ijumaa, basi linaondoka alfajiri.