Mwanao akikwambia "nitaenda mwenyewe"

Januari mwaka juzi nilimsindikiza mwanangu wa kwanza hadi kituo cha mabasi cha Magufuli, pale Mbezi. Alikuwa anaanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni mkoani Morogoro. Tulibeba tranka, godoro na ndoo, na hakuuachia mkono wangu mpaka kondakta alipoita abiria. Nilirudi nyumbani nikilia, lakini moyoni nilikuwa na faraja: mtoto wangu bado ananihitaji.

Januari mwaka huu, akienda kidato cha tatu, mambo yalikuwa mengine. Tulipofika Kimara akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, ukinifikisha getini inatosha. Usiingie ndani, nitapanda mwenyewe."

Niliumia. Badala ya kunyamaza, nikamjibu maneno ambayo mpaka leo natamani ningeyameza: "Sawa. Umeshakuwa mkubwa, huna tena shida na mama."

Hakujibu. Alishuka, akatupia begi mgongoni, akanipungia mkono na kuondoka.

Shuleni kwao, Jumapili wanafunzi huruhusiwa kutumia simu ya mwalimu kuwapigia wazazi. Jumapili ya kwanza hakupiga. Ya pili hakupiga. Ya tatu nikasema moyoni, kama ni kiburi, hata mimi ninacho. Nikaacha kusubiri.

Mwezi Machi tukaenda kuwatembelea. Patroni alinisalimia, kisha akasema, "Mama, kijana sasa yuko vizuri, ile malaria imekwisha."

Malaria ipi? Ndipo nilipojua kuwa mwanangu alilala siku nne katika chumba cha wagonjwa, na kwamba aliomba nisipigiwe simu. Nilipomkuta nje ya bweni nikamuuliza kwa nini. Alitazama viatu vyake muda mrefu, kisha akasema, "Si ulisema nimeshakuwa mkubwa, mama?"

Mzazi mwenzangu, siku ile nilitamani ardhi ipasuke.

Alichosema na nilichosikia

Mwanangu alisema anataka kupanda basi mwenyewe. Mimi nilisikia kwamba hanitaki. Wazazi wengi tunaingia katika mtego huu watoto wanapofika miaka 14, 15 au 16. Binti aliyekuwa anakusimulia kila kitu jikoni sasa anajibu "poa" na kuingia chumbani. Mvulana aliyekuwa anakukimbilia ukitoka kazini sasa anakusalimia bila kunyanyua macho. Tunasema, "Huyu mtoto amebadilika," kana kwamba ametukosea.

Kubadilika kwake ni sehemu ya kukua. Mwanasaikolojia Erik Erikson, katika kitabu chake cha mwaka 1950, aliyagawa maisha ya mwanadamu katika hatua nane, na kila hatua ina kazi yake. Kazi ya kijana wa umri huu ni kujitambua: mimi ni nani, naweza nini, nasimama wapi. Hawezi kuimaliza kazi hiyo akiwa ameshika mkono wa mama stendi. Lazima aachie kidogo ajaribu.

Lakini kumwachia hakumaanishi kumtupa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Hata kama amekupita urefu na sauti imekuwa nzito, bado ni wajibu wako kumlinda na kumwongoza. Kosa langu lilikuwa hapo. Aliomba niachie kitu kimoja kidogo, mimi kwa hasira nikaachia vyote.

Tulichofanya baadaye

Kwanza, nilimwomba radhi. Wapo wanaoamini mzazi akimwomba mtoto radhi anajishushia heshima. Mimi niliona kinyume chake. Nilimwambia, "Nilisema kwa uchungu. Ukiumwa, nataka niwe wa kwanza kujua, hata ukiwa na miaka 40." Akatabasamu kidogo, akaomba hela ya soda.

Pili, tulikubaliana yapi yamebadilika na yapi hayajabadilika. Kupanda basi, kupanga nguo zake, kuchagua michezo, hayo ni yake. Ugonjwa, hela, shida na walimu au wenzake, hayo lazima nijue. Usidhani mtoto anaelewa tu mpaka wako uko wapi. Mwambie.

Tatu, niliacha kumhoji. Likizo ya Juni nilikuwa namwita anisaidie kuchambua mchele au kubeba mizigo kutoka sokoni. Mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama kwingine, vijana huongea. Mengi niliyoyajua kuhusu shule yake niliyasikia tukichambua mchele.

Sidanganyi kwamba haiumi. Kuna siku namkumbuka yule mtoto wa tranka na ndoo, na najua hatarudi. Mzazi ana haki ya kumlilia. Ila usimlipishe mtoto machozi hayo.

Na wewe ni mtoto wa mtu

Nilimsimulia mama yangu kisa hiki kwenye simu. Yupo Muheza, anaishi na mdogo wangu wa mwisho. Nilitegemea anipe pole. Akacheka.

"Na mimi unanifanyia hivyo hivyo," akasema.

Nikauliza vipi. Akanikumbusha kwamba siku hizi kila nikipiga simu, baada ya shikamoo swali langu la kwanza ni kama amekunywa dawa ya presha, la pili ni kama amekula, la tatu ni kwa nini alikwenda shamba peke yake. "Zamani ulikuwa unanipigia unieleze mambo yako," akasema. "Sasa umekuwa mama yangu. Dawa nakunywa, mwanangu. Nieleze habari zako."

Nilinyamaza. Nilikuwa nalalamika kuwa mwanangu haniruhusu kubaki nilivyokuwa, kumbe nami mama yangu nimembadilishia nafasi bila hata kumuuliza.

Siku hizi dawa namuuliza mdogo wangu. Mama nampigia Jumapili jioni kumpa habari zangu, na ushauri wake nauomba kama zamani. Ila simu hiyo haiwi ndefu, kwa sababu Jumapili jioni nasubiri nyingine kutoka Morogoro. Safari hii inakuja. Dakika tatu tu, nyingi zikiwa za kuomba hela, lakini inakuja.