Kueleza na Kuelea

Huku Mbangala, mkoani Songwe, bahari ni jambo la kusimuliwa. Pengine ndiyo sababu nilifundisha Kiswahili miaka mingi bila kukiona chombo kilichomo ndani ya kitenzi nilichokitumia katika kila kipindi: eleza.

Mwanafunzi mmoja aliyehamia kwetu kutoka Pangani aliandika daftarini, "Ubeti huu haujanielea." Nikaikata sentensi yake kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: "sijauelewa". Kosa lilikuwa langu. Kuelea ni kukaa juu ya maji bila kuzama. Jambo likimwelea mtu, limepanda hadi mahali anapoliona. Kueleza ni kulifanya lielee. Hata elewa, tunayoitumia bila kuichunguza, ina umbo la kutendwa, kama fiwa: aliyefiwa amefikwa na kifo cha mwingine, naye aliyeelewa amefikiwa na jambo lililoibuka.

Waingereza walishika njia nyingine. "Explain" yao inatokana na Kilatini explanare, na ndani yake mna planus, yaani bapa, tambarare. Kwao kueleza ni kusawazisha.

Sina ugomvi na Kilatini. Ninacholalamikia ni kwamba tunasema eleza huku tukisawazisha. Mwanafunzi huambiwa aeleze shairi, naye huondoa taswira, huvunja vina, hutandaza kilichobaki katika nathari, akapewa alama zote. Nami nilizitoa alama hizo. Washairi nao wamejifunza mchezo huo: siku hizi shairi la beti nne hutanguliwa na aya tatu za mtunzi akitueleza alichokusudia. Sherehe za vitabu vya zamani, neno lililotoka katika sharh ya Kiarabu, zilikuwa na adabu zaidi; zilifasiri msamiati mgumu, kisha zikamwachia msomaji shairi lake zima.

(Elezea nayo inaniudhi. "Waziri alielezea umuhimu wa kilimo": alimwelezea nani? Eleza ingetosha.)

Naamini mwalimu anayeeleza shairi apaswa kuonyesha linavyobebwa na mizani na sauti zake, na kukiri palipo na kina asichokifikia. Sentensi ya yule kijana ilikuwa imekiri hivyo kwa maneno matatu. Alama yake sikumrudishia. Nilipolitambua kosa langu, alikuwa amekwisha kuhitimu.