Magonjwa ya zinaa: tupimwe kabla ya kupewa dozi

Mhariri,

Nafikisha kilio cha wanawake tunaotibiwa magonjwa ya zinaa kwa kukisiwa.

Mdogo wangu alikwenda kituo cha afya akilalamika kutokwa uchafu ukeni na maumivu chini ya kitovu. Akaulizwa maswali mawili matatu, akaandikiwa vidonge na kuambiwa amlete mumewe naye atibiwe. Maabara ipo, ila kipimo cha klamidia wala cha kisonono hakuna. Nyumbani kukawaka moto: nani kamletea mwenzake? Hadi leo haijulikani kama ugonjwa wenyewe ulikuwepo, maana uchafu wa aina hiyo mara nyingi huletwa na fangasi au na bakteria wa ukeni kuzidi kiasi, si lazima zinaa.

Simlaumu tabibu. Alifuata mwongozo wa kutibu kwa dalili, ambao umewahi kutufaa sana. Utafiti uliofanyika Mwanza kati ya 1991 na 1994 ulionyesha kuwa kuboresha tiba hiyo vituoni kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Lakini wanawake wengi wenye klamidia hawaoni dalili yoyote, na wengine hushtuka mirija ya uzazi imekwisha kuharibika. Hao mwongozo hauwaoni kabisa. Wakati huohuo, dawa tunazomeza ovyo zinakipa usugu kisonono, ambacho tayari kimezishinda dawa kadhaa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba penye uwezo mgonjwa apimwe. Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu katika hospitali zetu zinaweza pia kupima klamidia na kisonono, na majibu hutoka kwa saa moja na nusu hivi. Mwanamke anaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe. Kinachotukwamisha ni katriji za kipimo hicho, ambazo ni ghali.

Naiomba Wizara ya Afya itenge fedha za katriji hizo, ianze na hospitali za mikoa na wilaya, na bima zigharamie kipimo. Wajawazito wanaopimwa kaswende na VVU kliniki wapimwe na klamidia pia, kwani mtoto anaweza kuipata wakati wa kuzaliwa ikamshambulia macho na mapafu.

Anayeambiwa ana ugonjwa wa zinaa ana haki ya kuonyeshwa majibu ya maabara.

Msomaji wako,
Morogoro