Usilipie Kamera ya Zamani Kabla Hujaisikia Ikilia

Kamera za filamu zimerudi sokoni. Zile ambazo unavuta filamu kwa kidole gumba, unapiga, halafu unangoja picha zioshwe ndipo ujue nani alifumba macho. Ukipitia matangazo ya vitu vya mtumba kwenye simu utaziona: Pentax, Canon, Olympus, Yashica. Na chini ya bei kuna ule mstari tunaoujua sana: "Tuma dipositi nikushikie, kuna wengine wawili wanaitaka."

Maoni yetu ni haya: kamera inunue, lakini dipositi usitume. Tunajua kampuni ya malipo kukuambia usitume pesa ni kama mwenye hoteli kukuambia usile. Kila ukituma, sisi tunapata ada yetu. Lakini mtu akishatapeliwa mara moja huogopa hata kulipia sukari kwa simu, na hapo hatumwoni tena.

Chukua mteja wetu wa Mutomo. Ameuza ndengu, amelipa karo na deni la dukani, na amebaki na shilingi 9,000 za kununua kitu cha roho yake. Kamera iko Nairobi. Kwenda kuiona ni nauli ya kupitia Kitui mjini, au ya kushukia Kibwezi ukitumia barabara ya Mombasa, na siku nzima ya kazi imeenda. Ndiyo maana kumaliza mambo kwa simu kunavutia. Shida ni kwamba muuzaji naye anajua. Ukishamwambia uko Mutomo, ameelewa hutakuwa mlangoni kwake kesho asubuhi.

Kuna watakaosema dipositi ni desturi ya kale. Ni kweli. Uliza susu yako zile picha za familia kwenye albamu zilipigwa vipi. Mpiga picha alikuja siku ya soko, akawapanga, akapiga, akachukua nusu ya pesa. Nusu nyingine alilipwa akirudi na picha. Kwa hivyo hata susu alitoa pesa kabla hajaona kitu. Tofauti ni kwamba yule mpiga picha alirudi soko lililofuata, na watu walijua amepanga chumba wapi. Dipositi yake ilikuwa na mlango wa kugonga. Ya leo ina namba ya simu tu, na namba huzimwa.

Tukisema hivi, wengi hutujibu: "Si nitaomba pesa irudishwe?" Hapana. Huduma ya kurudisha pesa iliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Haikuwekwa kuamua kesi ya kamera iliyofika ikiwa imekufa. Na pesa ikishatolewa kwa ajenti, hakuna kitu kimebaki cha kurudishwa.

Kwa hivyo fanya hivi. Karibu kila mtu wa Mutomo ana binamu, au mtu aliyesoma naye, anayefanya kazi Nairobi. Mtumie yeye nauli ya matatu na ya chai, aende akaishike kamera. Hizo shilingi mia tatu ndizo pesa nzuri zaidi utakayotumia katika biashara hii yote. Akiwa pale, piga simu ya video. Ukiridhika, lipa wakati kamera iko mikononi mwake, halafu aipeleke mwenyewe ofisi ya mizigo ya matatu zinazokuja huku. Muuzaji akiwa na till ni afadhali, kwa sababu ujumbe wa malipo utakuwa na jina la biashara. Jina likitokea kabla hujathibitisha, lisome. Kama umeongea na mwanaume wiki nzima halafu jina ni la mtu mwingine kabisa na maelezo ni "hiyo ni laini ya bibi yangu", simamisha hapo. Na ujumbe wa malipo usiufute.

Kwa muuzaji pia tuna neno: usiachilie kamera kwa sababu umeonyeshwa SMS. SMS hutengenezwa. Angalia salio lako kwanza.

Sasa, binamu aangalie nini? Kwanza asikilize. Azungushe kitufe cha kasi hadi sekunde moja, abonyeze. Shata ifunguke, ikae sekunde nzima, ijifunge. Kisha aende kasi ya juu kabisa na arudie. Sauti mbili zikifanana, shata imekwama mahali. Halafu afungue mgongo wa kamera. Pale kwenye kingo kuna sponji nyembamba nyeusi ya kuzuia mwanga. Kwa kamera za miaka ya sabini mara nyingi imeyeyuka ikawa kama lami. Hiyo hubadilishwa kwa bei nafuu, kwa hivyo isikutishe, ila itumie kushusha bei. Aelekeze lenzi kwenye taa, achungulie ndani. Akiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na kamera iliyokaa Pwani kwenye unyevu huipata kwa urahisi. Hapo sisi tungeiacha. Mwisho afungue kifuniko cha betri: ukijani na unga maana yake betri iliozea humo.

Swali la betri ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, hupiga picha hata bila betri. Betri yake ndogo ya kifungo ni ya kupima mwanga tu. Canon AE-1, nayo ya 1976, bila betri haipigi, na betri yenyewe si ile ya rimoti unayoipata kila duka. Zote ni kamera nzuri. Lakini kwa mtu wa huku, tungesema Pentax bila kufikiria sana.

Halafu piga hesabu ya baada ya kununua, kwa sababu hapa ndipo watu huachia kamera kabatini. Tuseme roli ya picha 36 ni shilingi 1,500, na kuosha pamoja na kutumiwa picha kwa simu ni 1,000. Kila picha imekugharimu karibu shilingi 70. Kama una 9,000 zote, usinunue kamera ya 9,000. Tafuta ya 6,000, na zinazobaki ziwe roli ya kwanza, kuosha na nauli ya binamu. Roli ukizimaliza, zikusanye mbili au tatu uzitume kwa mzigo mmoja.

Hiyo shilingi 70 wengine wanaiona ni hasara. Sisi tunaona ndiyo raha yenyewe. Kwenye simu unampiga mtoto picha arobaini na huangalii hata moja tena. Kwa filamu unangoja acheke. Na kwa jua la Mutomo huhitaji hata kipimo cha mwanga: saa sita mchana, ukiwa na filamu ya 200, weka lenzi kwenye 16 na kasi kwenye 250, basi, bonyeza. Jioni jua likianza kushuka, fungua lenzi hadi 8 au 5.6. Roli usiiache kwenye dashibodi ya gari wala juu ya bati. Joto huiharibu rangi. Iweke ndani, karibu na mtungi wa maji.