Bonasi Iliyokwenda Lamu

Nina jambo lililonikaa kooni tangu Desemba iliyopita, na kwa kuwa mhariri amenipa nafasi, leo nalitema.

Si mnajua jinsi bonasi ya majani ya chai inavyongojwa huku kwetu! Ikifika Oktoba hata mbwa wa kijijini wana habari. Mabati hununuliwa, ndama hununuliwa, deni la dukani hulipwa, na wengine, tusifichane, huinywa yote ikaisha kabla ya Sikukuu ya Jamhuri. Hayo ni ya kawaida na hakuna anayeuliza. Lakini baba na mama yangu walipotoa Sh. 27,000 katika bonasi yao wakaenda Lamu siku saba, wao wawili tu, bila harusi, bila matanga, bila mgonjwa wa kutazama, kijiji kizima kiliuliza. Wanakwenda kufanya nini? Ati kutembea! Mzee mmoja jirani alimwambia nyanya yangu kwamba mwanawe amerogwa.

Mimi nami sitajitia utakatifu, kwani nilinung'unika kuliko huyo mzee. Ada ya muhula wa kwanza walikuwa wameiweka kando, hilo nakiri. Lakini mabati ya jikoni yalikuwa yakivuja (yanavuja hadi leo), na mimi nilikuwa nimeahidiwa viatu. Badala ya viatu nikaachiwa ng'ombe wawili wa kukama, wadogo zangu watatu na shamba la kuchuma. Wenzangu wa kijijini, na baadhi yao wanausoma ukurasa huu sasa hivi, walinicheka wakisema wazazi wangu wamekwenda fungate baada ya miaka ishirini ya ndoa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Leo nasema nilikosea, na kijiji kilikosea pamoja nami.

Tuanze na pesa, maana ndizo zilizozua maneno. Mama alikuwa na daftari la kurasa thelathini na mbili, na kila shilingi aliiandika humo. Walitoka Kericho kwa basi asubuhi, wakapanda treni ya usiku Nairobi kwa Sh. 1,500 kila mmoja, daraja la chini, wakakaa wima hadi Mombasa. Kulipokucha wakashika basi la kupitia Malindi na Garsen hadi Mokowe, na kutoka hapo mashua ya abiria wote, ile ya kubanana na magunia na kuku. Kijana mmoja alitaka kuwauzia mashua ya peke yao. Mama alimwuliza bei, akacheka, akaenda kuketi na kuku. Chumba walikipata uchochoroni, nyuma kabisa, mbali na hoteli za baharini, kwa Sh. 1,200 kwa usiku. Chakula chao kilikuwa mahamri na mbaazi asubuhi, mkate wa mofa na samaki jioni. Daftari halina soda hata moja.

Na walikuwa wamebeba chai! Nusu kilo ya kiwanda chetu, waliyoifunga ndani ya sweta. Mama mwenye nyumba aliipika kwa hiliki na tangawizi, wakainywa barazani, na baba anaapa kwamba hakuijua kuwa ni majani ya kwake mwenyewe. Ameyachuma tangu utotoni, asiyatambue!

Waliona nini? Baba, ambaye ni fundi wa mawe msimu wa majani ukiwa mbaya, aliona kuta. Alinieleza jioni nzima jinsi nyumba zile zilivyojengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zikashikwa na boriti za mikoko, na jinsi vichochoro vilivyo vyembamba hata punda wawili wenye mizigo wakikutana lazima mmoja aombe radhi. Mji huo uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Waliingia ngomeni, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na ikatumiwa kuwa jela hadi 1984, wakalipa kiingilio cha raia, ambacho ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje. Mama yeye alisimama mbele ya hospitali ya punda akashindwa kuondoka. Hospitali, ya punda!

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni ndoo. Siku ya pili, sokoni, mwanamke muuza maembe alimwita mama: "Ndoo, mamangu, ndoo!" Mama akageuka huku na huku akitafuta ndoo. Watu wakacheka, naye akacheka, ndipo akaelezwa kwamba kwa Kiamu "ndoo" ni "njoo". Njia ni ndia, macho ni mato, maji ni mai.

Aliponisimulia nilinyamaza. Maneno hayo nilikuwa nimeyakariri darasani kwa ajili ya swali la ushairi. Nikiona "mato" katika shairi huandika "mshairi ametumia uhuru wake", napata alama moja, nafungua ukurasa. Kumbe uhuru huo ndio watu wanaouzia maembe! Mwana Kupona alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858 hakuwa akimtega mtahiniwa. Aliandika kwa lugha ya pwani ileile ya kaskazini, ambayo binti huyo aliisikia kila siku. Mama yangu, aliyeachia darasa la nane, alilijua hilo kabla yangu mimi niliye katibu wa Chama cha Kiswahili.

Sisi wa huku tumezoea kutazamwa. Watalii husimamisha magari barabarani wakatupiga picha tukiwa na vikapu mgongoni, nasi twatabasamu. Kwamba mchuma chai naye aweza kwenda kusimama mbele ya mlango wa kuchongwa, akautazama mpaka achoke, hilo ndilo lililowashinda majirani, na lilinishinda mimi.

Basi nina ombi kwa chama. Kila mwaka tunachanga pesa za safari, na kila mwaka tunakwenda kwenye kongamano katika shule nyingine yenye mabweni, ubao na githeri kama yetu. Kwa nini tusiende pwani? Najua mwalimu mlezi atataja usalama, na ana haki. Mpeketoni, katika kaunti hiyohiyo, watu wengi waliuawa mwaka 2014, na baba anasema walishushwa njiani mara kadhaa kukaguliwa vitambulisho. Kama Lamu inaogofya, kuna Mombasa: Mji wa Kale na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593. Huko hatuhitaji mashua. Tulale katika bweni la shule, tule mahamri, kila mmoja achume majani kwao likizo moja kwa ajili ya nauli. Anayesema haiwezekani aniletee hesabu yake niilinganishe na ya mama.

Daftari ninalo, niliomba niazimwe hadi mwisho wa muhula. Anayetaka kunakili bei aje kitandani kwangu baada ya prepu, ila asije na mikono ya mafuta.